Msikilizaji wa Magunia

Mtu anayesikiliza gunia huonekana kichekesho ukimwangalia kwa mbali. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya ghala, shavu lake karibu liguse gunia la mahindi, mkononi ameshika simu aliyoifunga kwa mpira kwenye spoku ya baiskeli. Spoku yenyewe ilikuwa imezama ndani ya gunia. Aliniinulia kidole ninyamaze, nikanyamaza. Kisha akanipa visikilizio vyake, nami nikasikia: kru, kru, kru, kama mtu anayetafuna biskuti chumba cha pili akidhani wenye nyumba wamelala.

"Ndio hao," akasema. "Kwa nje gunia ni zima. Ulipige kofi, halitoi hata unga. Ndani wanakula."

Hao walikuwa dumuzi, wadudu wa ghalani, na kwa kuwa ndio aliowasomea mpaka akapata udaktari, kila mtu pale kwenye taasisi ya utafiti alimwita Dumuzi. Hakuchukia. Tabu ilikuwa nyumbani, kwenye huo udaktari. Jirani akikohoa anaelekezwa kwake. "Mimi natibu mahindi," alikuwa akijibu, na mama yake, fundi cherehani, hudakia kutoka ndani bila kuacha kukanyaga pedali: "Na hayo mahindi nayo bado yanaumwa."

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama huyo. Taasisi ilikuwa imeniita ninyooshe lugha ya ripoti zao, kazi ambayo imenizungusha nchi nyingi na kunikalisha katika ofisi nyingi za watafiti chipukizi. Ofisi hizo zinafanana popote: meza mbili kwa watu wanne, birika la umeme lenye ukoko, dirisha linalofunguka nusu, na ukutani kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna anayejiona ana mamlaka ya kuiondoa. Lakini kinachofanana zaidi ni mkao. Mtafiti mwenye mkataba wa muda mfupi hukaa akiuelekea mlango.

Dumuzi alikaa akiuelekea mlango, na kioo cha kompyuta alikuwa amekigeuzia ukutani.

Ushuku wake ulikuwa na historia ndefu kuliko shahada zake. Amekulia kwenye nyumba ambayo mshono mpya hukatwa pazia likiwa limeshushwa. Ng'ambo ya barabara kuna fundi mwingine, na mama alikuwa na hakika kwamba mwenzake huyo hana shida ya sindano hata siku moja. "Anakuja kuazima sindano, macho yote kwenye meza yangu," alikuwa akisema. Dumuzi, akiwa msichana mdogo, kazi yake ilikuwa kukimbia kufunika kitambaa kila mlango ukigongwa. Alipokua akawa anafunika mengine.

Pale kwenye taasisi alikuwa mmoja wa watu wanne wa Kikundi cha Rika. Kikundi hicho walikianzisha wenyewe, baada ya kuchoka kusubiri wakubwa wenye nafasi ya kuwalea kikazi. Wakubwa walikuwa safarini, au mkutanini, au wanatoka mkutanini kuelekea safarini. Basi vijana hao wakaamua kuleana wao kwa wao. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana walifunga mlango, wakawasha birika, na mmoja wao akaketi kwenye kiti cha magurudumu kilichovunjika mkono wa kushoto, akaeleza kazi inayomsumbua. Wenzake waliruhusiwa kitu kimoja tu: kuuliza. Ushauri ulikatazwa, sifa zilikatazwa, na "mimi ningekuwa wewe" ndiyo ilikatazwa kabisa. Atakayesema jambo lisilo swali, anaosha vikombe.

Nimeona vikundi vya namna hii kwingine, vikiwa na vitabu vya mwongozo na wawezeshaji waliotumwa kwa ndege. Sijaona adhabu inayofanya kazi vizuri kuliko ile ya vikombe.

Aliyeosha zaidi ni Samaki, bwana mnene mcheshi anayetafiti mabwawa, ambaye mdomo wake haukuumbiwa alama ya kuuliza. "Vikombe vyenu vinanijua kuliko mke wangu," alikuwa akilalamika. Wa pili ni Mtakwimu, kijana mwembamba ambaye takwimu za kila mtu hupitia mikononi mwake, naye huzungumza kama anayelipia maneno. Wa tatu ni Dada Udongo, mwanamke aliyerudi masomoni baada ya kulea watoto wake. Yeye ndiye aliyekianzisha kikundi, na ndiye pekee aliyekuja na kikombe chake mwenyewe kutoka nyumbani.

Mwaka mmoja kabla ya mimi kufika, Dumuzi alikalia kile kiti na kuwaeleza wenzake jambo bichi kabisa. Alikuwa ametafuta muda mrefu namna ya kuitoa sauti katikati ya gunia, maana ukibandika simu kwa nje husikii kitu ila kitambaa kinavyokwaruza. Hatimaye alichoma spoku ya baiskeli mpaka kwenye moyo wa gunia, akaifunga simu kwenye ncha iliyobaki nje, na sauti ikapanda. Walimuuliza maswali mazuri. Alitoka pale mwepesi, anacheka peke yake kwenye korido.

Miezi michache baadaye alikuja mgeni kutoka taasisi nyingine kutoa mhadhara, mtu aliyesomea hapo hapo zamani. Kwenye ukuta mweupe wa ukumbi ikatokea picha yake ya tatu au ya nne: gunia, na ndani ya gunia, spoku ya baiskeli.

"Ingekuwa fimbo ya chuma ningesema tumefikiri sawa," Dumuzi aliniambia. "Ingekuwa msumari mrefu, sawa. Lakini spoku? Na ya baiskeli?"

Tangu siku hiyo alijua kwamba mmoja wa wale watatu amemwaga mtama. Alichokuwa hajui ni yupi. Samaki anaongea mno, huenda limemponyoka. Mtakwimu anaongea kidogo mno, na mtu wa hivyo hujui anawaza nini. Dada Udongo ana marafiki kila taasisi. Kila mmoja alimpa sababu ya kumshuku, na kila mmoja Jumatano iliyofuata akammiminia chai kama kawaida, jambo ambalo nalo aliliona la kutiliwa shaka.

Hakujitoa kikundini. Angejitoa, mwizi angejua ameshtukiwa. Alichofanya ni kuwaletea kiporo. Zamu yake ikifika alileta kazi iliyokwisha kukubaliwa na jarida, akakunja uso kama imemshinda, na wenzake wakahangaika kumuuliza maswali juu ya kitu kilichokwisha kuisha.

Sasa mwaka huu mambo yakawa ya kweli. Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni, na mkataba mpya ungekuja tu akipata ruzuku ya utafiti. Kuomba ruzuku kunataka wazo jipya, na wazo jipya alikuwa nalo: ameigundua saa. Wadudu wale hawatafuni sawasawa kutwa nzima. Kuna wakati mmoja wa siku gunia lililoliwa linasema wazi, na ukisikiliza wakati huo hata mkulima mwenye simu ya bei ya chini atajua kabla hasara haijaonekana kwa macho. Wazo hilo likitoka kinywani mwa mtu mwingine kwanza, hana ruzuku, hana mkataba, na anarudi nyumbani kufunika vitambaa.

Lakini andiko la maombi halikai vizuri. Alilisoma peke yake mpaka maneno yakawa hayana maana. Alihitaji mtu wa kulisoma, na watu waliojua kulisoma walikuwa ni wale watatu.

Dada Udongo alimkuta kwenye korido, karibu na baiskeli kuukuu ya mkuu wa idara, iliyoegemezwa pale tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka.

"Mdogo wangu, Jumatano ijayo ni zamu yako."

"Najua, dada."

"Ulete kitu kibichi safari hii. Ile ya mwisho tulikuuliza weee, kumbe jarida lilishaikubali. Nilinyamaza tu."

Kumbe Dada Udongo alijua. Na kama alijua, kwa nini alinyamaza? Papo hapo, Dumuzi aliniambia, ndipo alipoamua kufanya jaribio.

Lilikuwa jaribio zuri, la mtu aliyefundishwa vizuri. Jioni ile ile alimwendea Dada Udongo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ameigundua saa, na saa yenyewe ni alfajiri. Kesho yake alimpa Samaki lifti mpaka mabwawani, akamwambia siri hiyo hiyo, ila saa ikawa adhuhuri. Mtakwimu alimpata kwenye foleni ya mashine ya kuchapishia, akamnong'oneza: magharibi, jua linapozama. Wote aliwaapisha wasimwambie mtu. Saa ya kweli hakumpa yeyote. Yule mgeni wa spoku alikuwa anarudi kutoa mhadhara mwingine karibuni, na saa itakayotoka kinywani mwake ingemtaja mwizi.

Hakuhitaji kumsubiri mgeni. Siku mbili tatu baadaye alikwenda ghalani, na mtunza ghala akampokea kwa kicheko.

"Dokta, siku hizi mmefungua darasa?"

"Darasa la nini?"

"La kusikiliza magunia. Yule bwana wa mabwawa alikuja juzi mchana wa jua kali, na waya wake. Akapiga magoti pale pale unapopiga wewe. Kunyanyuka ndiyo ikawa kazi, ikabidi nimvute."

Samaki! Alijua. Moyoni Dumuzi alisema alijua tangu mwanzo. "Alisema anatafuta nini?"

"Hakusema. Hata yule mama wa udongo hakusema."

"Mama wa udongo?"

"Huyo alikuja alfajiri, mimi hata uso sijanawa. Na yule mwembamba wa tarakimu, jioni, nikiwa nashika kufuli nifunge. Nilidhani umewatuma wewe."

Jioni hiyo alikuja barazani kwetu hajavua hata mkoba. "Wote!" akatuambia, mimi na mama yake. "Nimetega mtego wa panya mmoja, nimekamata ukoo mzima."

Mama alikuwa anatoa uzi kwenye pindo. "Wamechukua nini?"

"Wamekwenda kusikiliza, mama. Kila mmoja kwa siri yake. Wanataka kunitangulia."

"Wamesikia?"

Dumuzi akasita. "Hawawezi kusikia. Saa niliyowapa ni ya uongo."

"Basi wameiba nini?" akauliza mama, akaendelea na pindo lake.

Kwenye kile chumba Jumatano sikuwamo. Wageni hawaingii, na nadhani ni vizuri. Lakini wote wanne wamenisimulia, kila mmoja kwa namna yake, na haya ninayoyaandika ni yale ambayo wanne hawakuyapinga.

Alipoingia, birika lilikuwa halijawashwa. Samaki hakutania. Mtakwimu alikuwa anachora viboksi kwenye karatasi, na Dada Udongo alikuwa amekishika kikombe chake kitupu kwa mikono miwili. Dumuzi, aliyekuja na maneno makali ameyapanga kichwani njia nzima, aliiona baridi hiyo akaielewa kwa namna yake: wamekubaliana. Akaketi kwenye kiti kilichovunjika.

"Haya," akasema. "Nani ana swali?"

Samaki alianza, bila kumtazama. "Adhuhuri ulisikiliza mara ngapi kabla ya kuamini?"

Dada Udongo akageuza shingo. "Adhuhuri?"

"Si magharibi?" akauliza Mtakwimu.

Watu watatu walitazamana, kisha wote watatu wakamtazama yeye, na Dumuzi akaona kwenye macho yao kitu alichokifahamu vizuri, kwa sababu mwaka mzima amekuwa akiwatazama hivyo hivyo.

Dada Udongo ndiye aliyeuliza, taratibu, kama anayegusa kidonda cha mtoto. "Mdogo wangu. Matokeo unayatunga?"

Kwa wasomaji wasioijua kazi hii, niseme hivi: mtafiti anaweza kuwa mvivu, mchoyo, hata mgomvi, na akastaafu kwa heshima na keki. Akisemwa kwamba anatunga matokeo, amekwisha. Dumuzi alikuja kukamata wezi, na sasa jina lake mwenyewe ndilo lililokuwa mezani.

Akasimama. Kiti kikarudi nyuma kikagonga ukuta. "Mimi? Na ninyi mlifuata nini ghalani? Mmoja alfajiri, mmoja mchana, mmoja magharibi, mnanyatia kama mna deni la mtunza ghala! Mlikwenda kufanya nini?"

"Kuhakikisha!" Samaki alilipuka. "Unaniambia umesikia kitu, nifanyeje sasa? Nikuamini tu? Nimekwenda nimepiga magoti, magoti yenyewe haya unayaona, nimesikiliza, kimya! Nikasema jamani, mwenzetu anapeleka maombi ya ruzuku na kitu ambacho hakipo. Mke wangu ataniambia nilijua nikanyamaza."

"Mimi nilirudia," akasema Mtakwimu. "Jioni mbili. Hakuna kitu."

"Na mimi," akasema Dada Udongo. "Nilitaka nikuulize leo, tukiwa wanne, kabla ya wengine kujua. Kwani wewe ungeambiwa, usingekwenda?"

Angekwenda. Hapo ndipo jaribio lake zuri lilipovunjika, aliniambia, akiwa amesimama katikati ya chumba. Mtu mwingine ukimpa siri ataiuza, au ataisahau, au atampelekea shoga yake. Hawa ukiwapa siri wanakwenda kuipima. Alikuwa amekaa nao muda wote huo, na jambo hilo hakulihesabu.

Ikabidi awaambie: spoku ya mgeni, mwaka mzima wa viporo, saa tatu za uongo. Aliwaambia akiwa amesimama, mikono nyuma, kama anayesoma shairi shuleni.

Samaki alikuwa wa kwanza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Dada Udongo hakucheka. Alikiweka kikombe chake mezani.

"Yaani ulitufanya magunia," akasema. "Ukamchoma kila mtu spoku yake, ukategea sikio umsikie nani anatafuna."

Hakuna aliyemwambia kwamba hilo halikuwa swali.

Mtakwimu ndiye aliyekirudisha kiti mahali pake. "Kaa," akasema. "Zamu yako haijaisha." Na kijana huyo anayelipia maneno akauliza maswali mengi mfululizo kuliko alivyouliza mwaka mzima.

"Wazo la spoku, kabla ya sisi, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Mama yako?"

"Mama alijua nasikiliza magunia. Ya spoku hakuyajua."

"Yule mgeni uliwahi kukutana naye?"

"Sijawahi."

"Spoku yenyewe uliipata wapi?"

"Kwenye baiskeli."

"Baiskeli ya nani?"

Dumuzi aligeuka kuutazama mlango. Nyuma ya ule mlango uliofungwa, hatua chache upande wa pili, ilikuwepo baiskeli kuukuu imeegemea ukuta, nje ya ofisi ya mkuu wa idara.

Akayakumbuka yote kama jambo la mtu mwingine. Aligonga mlango. Profesa, mkuu wa idara mwenyewe, alikuwa anakula chungwa. "Shikamoo, Mzee. Naomba spoku moja kwenye ile baiskeli yako." "Marahaba, binti yangu. Spoku ya nini?" Na yeye, amesimama pale kwa adabu, akaeleza yote: gunia, simu, sauti inavyopanda, wapi aichome na kina gani. Mzee alifurahi. Alimwambia achukue hata mbili.

"Ukasema hukumwambia mtu," Mtakwimu akasema, halafu akajisahihisha haraka: "Si ulisema hukumwambia mtu?"

"Yule si mtu. Yule ni Mzee."

"Na yule mgeni," akauliza Samaki, polepole, "alipokuwa anasoma hapa, nani alikuwa anamsimamia?"

Wote walijua. Ni Mzee huyo huyo. Dada Udongo alisema labda mzee wa watu alisimulia tu, kwa kujivunia binti yake, na mwanafunzi wake wa zamani akaokota. Labda. Wakalitazama hilo neno kwa muda, kisha Samaki akamwonyesha Dada Udongo rundo la vikombe, naye dada akavikusanya bila ubishi.

Tatizo likawa jingine sasa. Maombi ya ruzuku hayaendi bila sahihi ya mkuu wa idara, na Profesa alishamwambia Dumuzi asubuhi ile, kwa upole wake wote, "Liache mezani kwangu siku chache, binti yangu, nilisome kwa utulivu." Asubuhi alikuwa ameona ni upendo. Sasa hakujua aone nini. Akiliacha, siri ya saa imekwenda kama ilivyokwenda ya spoku. Akikataa, atasema nini mbele ya mtu aliyemwandikia barua zote za kazi?

Samaki alikuwa amevaa shati alilolishonesha kwa mama yake Dumuzi. Akalivuta kola. "Mama yako akishamaliza gauni, analifunika bado?"

"Hapana. Analitundika mlangoni, barabara nzima ilione."

"Na yule wa ng'ambo?"

"Akishaliona na watu wote wameliona, akiiga ataaibika yeye. Hatari ni kabla halijatundikwa." Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo.

Siku hiyo hiyo, alasiri, walikwenda ghalani wanne pamoja. Alasiri ndiyo ilikuwa saa ya kweli, pale mabati ya paa yanapoanza kupoa na kulialia. Mtunza ghala aliwauliza kama leo ndiyo mtihani wa darasa. Waligawana jozi mbili za visikilizio, sikio moja kila mtu, vichwa vimegongana juu ya gunia. Samaki alisikia kwanza. Hakusema neno, na hilo peke yake, Dada Udongo aliniambia, lilikuwa tukio la mwaka.

Jumatatu kulikuwa na tangazo kwenye ubao wa idara: mhadhara wa wazi, wote mnakaribishwa. Huo nilihudhuria. Ukumbi ulijaa, kwa kuwa Samaki alimwambia kila aliyekutana naye kwamba kutakuwa na soda. Profesa aliketi safu ya mbele, suti safi, mikono juu ya mkongojo. Dumuzi alieleza tangu mwanzo: wadudu, gunia, spoku. Na alipofika kwenye saa, nilimwona anawatazama wenzake watatu, mmoja mmoja, kisha akaitaja kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alasiri. Mtakwimu, pembeni, alikuwa anarekodi kila neno.

Maswali yalipofunguliwa, Profesa aliinua mkono. "Kazi nzuri sana, binti yangu. Lakini hebu tuambie. Hiyo spoku. Wazo lilikujaje?"

Dumuzi akamwinamia kidogo kwa heshima.

"Nilitafuta chuma chembamba mpaka nikachoka, Mzee, ndipo nikaiona baiskeli yako. Nikakuomba spoku, ukaniuliza ya nini, nikakueleza yote nimesimama mlangoni. Unakumbuka? Ulikuwa unakula chungwa."

Watu walicheka, kicheko cha kawaida cha watu wanaopenda kusikia mzee alisaidia. Profesa naye alicheka. Nilikuwa safu ya pili, pembeni kidogo, na nimezitazama nyuso nyingi katika maisha ya kukaa kati ya lugha za watu. Mdomo ulicheka kwanza. Macho yalichelewa.

"Nakumbuka," akasema.

Dada Udongo alikuwa ameshafika mbele yake na andiko la maombi na kalamu iliyofunguliwa. "Ni sahihi tu, Profesa. Yaliyomo umeshayasikia, na sisi wote tumeyasikia." Profesa akaweka sahihi juu ya goti lake, pale pale, mbele ya watu na soda zao.

Ruzuku ilikuja kabla sijamaliza ripoti zangu, na mkataba ukafuata. Mama mtu alipoambiwa aliuliza kama sasa ataweza kutibu kikohozi. Dumuzi anaendelea na Jumatano zake, na kwa adhabu aliyojipangia mwenyewe ameosha vikombe muda mrefu. Dada Udongo alimruhusu kuviosha vyote isipokuwa kimoja, kile cha nyumbani kwake. Hicho bado anakiosha mwenyewe.

Kitu cha mwisho alichonionyesha ni ukuta wa korido. Siku chache baada ya mhadhara baiskeli ilikuwa haipo. Palibaki alama mbili za mpira kwenye rangi, na sakafuni duara la vumbi lisilofagiliwa. Mfagizi alisema mzee ameipeleka kutengenezwa.

"Imekaa hapa tangu sijaajiriwa," Dumuzi akasema. "Leo ndiyo inahitaji spoku?"

Samaki alikuwa anapita na birika mkononi. "Swali zuri hilo," akasema. Kisha akasimama, akapiga ulimi, akageuka kurudi kuchukua vikombe.